Punda Wangu Alivyoenda Krismasi Nairobi

Waliniketisha kwa nyasi chini ya mti wa Krismasi wa plastiki, miguu mbele, kama mtoto anayenyolewa. Walinzi wawili walisimama juu yangu. Mama mmoja wa suruali nyeupe alikuwa anapiga nduru, "Mtoto wangu yuko wapi? Umempeleka wapi mtoto wangu?" Mimi mkononi nilikuwa bado na ndoo ya maji niliyokuwa namletea punda wangu, lakini punda hakuwepo, na mtoto aliyekuwa amepandishwa juu yake pia hakuwepo. Watu walinizunguka wakisema ndivyo wezi wa watoto wanavyofanya siku hizi, wanakuja na wanyama.

Kimeu alikuwa hapo hapo. Kimeu ni mtoto wa shemeji yangu, ndiye aliyeniita Nairobi. Mkuu wa walinzi akamuuliza, "Bosi, huyu mama ni mtu wako?" Kimeu akaniangalia, kisha akaangalia viatu vyake. Akasema, "Huyu alikuja na lori la maembe."

Nyinyi wa kikundi chetu cha kusuka vyondo mmekuwa mkiniuliza ilikuwaje. Nimechoka kusimulia vipande vipande, kila mtu anaongeza chake, na sasa nasikia wengine wanasema eti punda nilimuuza. Kwa hivyo naandika mara moja, msomeane. Shule niliacha darasa la nne. Mkikuta herufi zimelala, ziamsheni.

Mwala: kupakia

Karani mnamjua. Nilimpa jina hilo kwa sababu anatembea kichwa chini, haraka haraka, kama karani aliyechelewa ofisini. Nilimnunua mwenyewe baada ya mume wangu kufa, kwa jasho la vyondo, na ninyi wenyewe mlinisaidia kuchagua rangi za nyuzi. Tangu siku hiyo ndiye miguu yangu. Namjazia mitungi pale mtoni, kwa bwawa la mchanga, miwili huku, miwili kule, nakaza kamba, nampiga kofi la matako, anaenda nyumbani peke yake. Mama mkwe wangu anamtua mzigo, naye anampiga kofi, anarudi. Mimi nabaki mtoni nikichota maji ya majirani wanaonilipa. Nyumba yetu, yangu na ya huyo mama mzee, inasimama kwa miguu minne ya Karani.

Sasa Kimeu alikuja na gari, akanywa chai, akaniita mama kwa lugha yetu, "Mwaitu, kule kanisani kwetu Nairobi tunafanyia watoto sherehe ya Krismasi. Watoto wa huko wanajua punda wa Bethlehemu kwa picha tu. Nipe Karani siku mbili."

Nikamuuliza, "Kwani Nairobi hakuna punda?"

"Wako, lakini ni wa mikokoteni, wana vidonda. Tunataka msafi."

"Na nani atamleta?"

"Wewe mwenyewe! Mutua atawabeba na lori lake la maembe, na atawarudisha na lori hilo hilo. Uone vile watoto wa mjini wanakula Krismasi."

Alisema maneno hayo mbele ya mama mkwe wangu, yaani nyanya yake mwenyewe, mtu aliyemlea. Na mimi, nisiwafiche, nilitaka kuona. Nimepita njaa ile mbaya, nimezika mume, nimelea watoto wakaenda zao, lakini Krismasi ya mjini nilikuwa sijawahi kuiona. Nilimwosha Karani kwa sabuni ya kufulia mpaka akang'aa kama sufuria mpya.

Asubuhi ya safari alikataa kupanda lori. Mutua aliweka ubao, akavuta kamba, akasukuma, akaimba. Karani alisimama tu. Nikakumbuka kwamba huyu, akiwa hana mzigo, haoni sababu ya kwenda popote. Nikamfunga mitungi mitupu pande zote mbili, nikampiga kofi. Akapanda ubao bila kugeuka.

Mutua alishika kiuno akacheka. "Mwaitu, huyu ni mfanyakazi wa serikali. Bila faili hatembei."

Machakos mjini: chai na askari

Mutua ni mtu wa maneno na tumbo. Machakos mjini alisimamisha lori akanywe chai na maharagwe, akarudi na mandazi kwa gazeti, akasahau kitambaa chake, akarudi tena. Mimi nilibaki nyuma, kati ya maembe na punda, nikitazama watu wakinunua. Kila mtu alikuwa na mzigo. Mzee mmoja alibeba kuku wawili kichwa chini na keki ya boksi kwa mkono ule mwingine, na kuku walikuwa wanaidonoa keki. Nilitaka kumwambia, lakini alikuwa anatembea akiwa na furaha sana, nikamwacha.

Mbele kidogo kuna askari wa barabarani. Aliinua turubai, akamwona Karani, Karani naye akamwona.

"Mama, mnakimbilia Misri?"

Nikamjibu, "Hapana afande, tunaenda Nairobi."

"Afadhali Misri," akasema, akachukua maembe mawili, akatupungia mkono.

Athi River: gurudumu

Pale Athi River, mbele kidogo ya viwanda vya saruji, gurudumu likapasuka. Mutua hakuwa na lingine. Akasema, "Nisubirini," akapanda pikipiki ya mtu, akaenda na gurudumu mapajani kama mtoto mgonjwa.

Jua lilikuwa kali na vumbi la saruji limekaa kwa majani ya miti mpaka ukadhani ni unga. Nilimteremsha Karani apate kivuli cha lori. Wakaja vijana wawili wenye makoti meupe na viatu vya mpira, wanatoka kwa kiwanda cha nyama. Mmoja akamzunguka Karani polepole, akamgusa paja.

"Mathe, huyu mnapeleka kwa nani? Sisi tunaweza maliza hii maneno hapa hapa."

"Maneno gani?"

"Krismasi nyama inaisha haraka Nairobi. Watu hawaulizi iko na masikio ngapi."

Mwenzake alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilijifunga kamba ya Karani mkononi mizunguko yote iliyobaki, nikawaambia, "Huyu anaenda kanisani."

Wakatazamana. "Punda ameokoka?" Wakaenda zao wakisimulia.

Baadaye wakapita wanawake wanaotoka kushona nguo kwa vile viwanda vya mauzo ya nje. Mmoja anaitwa Akinyi, alikaa na mimi kwa kivuli. Alikuwa anashona mifuko ya suruali, mfuko wa nyuma wa kulia peke yake, mwaka wa pili sasa. Nikamuuliza, "Na wa kushoto?" Akasema, "Anashona mwingine, simjui." Nikawaza hilo kwa muda mrefu. Nilimpa muthokoi wangu, ule wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe niliyopika usiku. Akala akisema, "Mama, hii inashika tumbo!" Naye akanigawia samaki mkavu kutoka kwa karatasi, mchungu kidogo, mtamu mwishoni.

Nikamuuliza watu wa Nairobi wanafanyia watoto nini Krismasi.

"Wanawatoa nje," akasema.

"Nje wapi?"

"Nje tu. Wanalipa mahali pa kuruka, mahali pa kupakwa rangi, mahali pa kupanda wanyama. Sisi kwetu tulikuwa tunaruka bure."

Kabla hajaenda aliniomba amkalie Karani kidogo tu. Alimkalia kando, sketi yake imebanwa magotini, akafunga macho. Karani hakusonga hata kidogo. Mtu mgongoni peke yake si mzigo wa safari kwake. Mutua alirudi jua likiwa limeanza kushuka.

Nairobi: uwanja wa sherehe

Tulilala kwa chumba cha nyuma cha kanisa, Karani akalala ndani ya lori, na asubuhi tukapelekwa kwa uwanja wa shule iliyo karibu. Mutua akaegesha lori nje, ng'ambo ya barabara, akaanza kuuza maembe yake.

Sasa niwaambie nilichoona, kwa sababu hapo ndipo mnaniuliza zaidi.

Kulikuwa na nyumba ya mpira iliyojazwa upepo. Mashine inapuliza, nyumba inasimama; mashine ikizima, nyumba inalala na watoto ndani, wanatoka wakicheka kama vifaranga. Kulikuwa na msichana anapaka watoto nyuso. Mtoto anakaa kwa kiti, anaondoka ni paka. Baba yake anampiga picha, anamwita "kitu changu kitamu", na mtoto amekuwa na ndevu! Nilitazama hapo sana. Kwetu mtoto akirudi nyumbani na uso hivyo, anaoshwa na kupigwa.

Baba Krismasi alikuwa kijana wa Bungoma, koti jekundu la sufu kwa jua lile, ndevu za pamba. Alikuja kwa bomba nilipokuwa, akashusha ndevu, akainamisha kichwa chote chini ya maji. "Mama, usiambie watoto," akaniambia. Nikamuuliza kwa nini anavaa hivyo. Akasema huyo mzee anatoka mahali pa baridi. Nikamuuliza kama huyo mzee hawezi kuvua koti akifika. Akanitazama, akasema, "Hata mimi nimewauliza."

Halafu kulikuwa na mashine inatoa povu la sabuni, linarushwa juu, watoto wanakimbia ndani yake. Nikamuuliza kijana wa mashine, "Hiyo ni nini?"

"Ni theluji, mathe."

"Theluji ni nini?"

"Ni barafu laini inaanguka kutoka juu."

"Inaanguka wapi?"

"Ulaya."

"Na hapa?"

"Hapa haianguki. Ndio maana tunatumia sabuni."

Nilisimama na kulitafakari jambo hilo. Na sisi Mwala tunaombea mvua!

Karani ndiye aliyependwa kuliko vyote. Watoto walipanga foleni mpaka kwa lango. Mimi namwongoza kwa kamba, maana mkono wangu anaufuata hatua chache hata bila mzigo, mtoto mmoja juu, tunazunguka mti wa plastiki, anashuka, anapanda mwingine. Mmoja aliniuliza kama Karani anatumia betri. Mwingine alimpa bisikuti, akampa ya pili, akaomba msamaha kwamba zimeisha. Roho yangu ilikuwa imetulia. Nilijiambia, kumbe punda anayebeba maji anaweza kubeba na furaha ya watu.

Kreti mbili

Foleni ilipokuwa ndefu, Kimeu akaja na mwenyekiti wa sherehe, mama mmoja anaitwa Madam Doris. Madam Doris akasema ingekuwa vizuri wapate picha nzuri ya gazeti la kanisa, punda akiwa na mtoto na zawadi. Mimi niliomba nimpe Karani maji kwanza, nikaenda kwa bomba. Pale bombani kulikuwa na foleni pia.

Niliporudi yalikuwa yameshatokea, na nawaambia vile nilikusanya baadaye kwa mdomo wa kila mtu. Kimeu aliagiza kreti mbili tupu za maembe kutoka kwa lori la Mutua. Wakazifunga kwa kamba, moja huku, moja kule. Kwa kreti moja wakamweka mtoto wa kike, Sheila, wa miaka kama mitano, amepakwa uso wa chui. Kwa kreti ile nyingine wakaweka gunia la zawadi ili mzigo usawazike. Mzigo pande mbili, kamba imekazwa. Kisha Kimeu akataka Karani asonge mbele kidogo, jua limpige vizuri. Akampiga kofi la matako.

Karani akaenda.

Hakukimbia. Angekimbia angeonekana. Alitembea vile anatembea siku zote, kichwa chini, haraka haraka, na watu wakampisha wakipiga makofi, wakidhani ni sehemu ya sherehe. Wengine waliimba. Mlinzi wa lango akafungua lango lote, kwa sababu alifikiri maandamano ya kwenda kanisani yameanza. Mama ya Sheila mwenyewe alipunga mkono! Ilichukua muda mpaka mtu akauliza, "Wanarudi kupitia wapi?"

Hapo ndipo wakanikamata na ndoo yangu. Kimeu angesema neno moja tu: "Mimi ndiye nilifunga kreti, mimi ndiye nilipiga kofi." Neno hilo halikutoka. Alisema nilikuja na lori la maembe.

Na ni neno hilo hilo la lori liliokoa mtoto, si kwa kupenda kwake. Niliposikia "lori" nikaruka. "Lori! Mwangalie kwa lori!" Nairobi Karani hajui nyumba nyingine. Walinzi wakanishika mkono tukavuka barabara, mama ya Sheila mbele, amevua viatu.

Karani alikuwa amesimama nyuma ya lori, anangoja kutuliwa mzigo. Mutua alikuwa ameshamtua. Sheila amekaa juu ya gunia, embe mikononi, rangi ya chui na maji ya embe vimechanganyika mpaka kidevuni.

Mutua akashangaa kuona umati. "Si mlimtuma? Nilidhani ni zamu ya watoto kuona lori."

Mama ya Sheila alimkumbatia mtoto akalia. Sheila naye akalia, kwa sababu walikuwa wanamtoa kwa punda. Alishika shingo ya Karani, hakubali kuachilia.

Faini

Baba ya Sheila akafika. Mtu mkubwa, sauti ndogo. Akasema mambo haya yaende polisi. Mimi nilikuwa tayari kwenda, kwa sababu polisi wangeuliza nani alifunga kreti. Lakini Kimeu akamshika mkono, akamvuta kando ya lori. Mimi nilikuwa upande wa pili wa turubai. Nilisikia kila neno.

"Mzee, tusifike huko. Sisi kwetu Ukambani kosa kama hili linamalizwa kwa mnyama. Aliyekosa anatoa, mambo yanaisha, hakuna kinyongo."

"Mnyama gani?"

"Huyo punda. Ni punda wa boma la baba yangu mkubwa. Mimi ndiye mwanamume wa boma hilo sasa. Mtoto amempenda, chukueni."

Yule mtu akamtazama Sheila aliyeshika shingo ya Karani. Halafu akacheka kidogo. Akasema ako na shamba nje ya mji.

Nilitoka nyuma ya turubai nikasema, "Huyo ni punda wangu."

Kimeu akanigeukia, akasema kwa Kikamba, polepole, vile unaongea na mgonjwa. "Mwaitu, mshukuru Mungu. Ungekula Krismasi ndani ya seli."

"Kwa kosa gani?"

"Wacha sasa. Wacha."

Nikamwambia baba ya Sheila kwa Kiswahili, "Mzee, sikupiga huyu punda kofi, nilikuwa bombani." Akaniangalia kwa huruma, huruma ya kweli, nadhani. Akasema, "Mama, imeisha. Sina kinyongo na wewe." Wakaleta pikapu. Karani alikataa kupanda. Wakavuta, wakasukuma. Kimeu akasema, "Mfungieni zile kreti." Kumbe hilo alikuwa ameliona. Wakazifunga, akapiga kofi, Karani akapanda.

Kurudi

Madam Doris alinipa sahani ya pilau na kuku imefunikwa kwa karatasi ya rangi ya fedha. Sikuila, nilimpa Mutua, akala akiendesha, bila maneno, na Mutua bila maneno ni kama redio imeharibika. Karibu na Machakos akasema, "Mwaitu, mimi nilimtua tu mtoto." Nikamwambia najua.

Mama mkwe wangu hakuniuliza habari za theluji. Alitazama nyuma ya lori, akatazama kamba mkononi mwangu, akaingia ndani. Tangu siku hiyo nabeba mtungi mgongoni, kamba kwa paji la uso, kama zamani za msichana, lakini shingo si ya msichana. Majirani wamepata mtu mwingine wa kuwachotea. Mama mzee anaoga kwa kikombe.

Nimempigia Kimeu kutoka kwa kibanda cha simu pale Mwala. Simu yake ya mkono inalia, akisikia ni mimi inakatika. Nimetuma salamu kwa mchungaji wake. Nimeambiwa Kimeu amechaguliwa tena kwa kamati ya sherehe ya mwaka ujao.

Basi nasema hapa, mbele yenu, na nataka myasome kwa sauti hata mama yake Kimeu akiwa amekaa hapo. Madam Doris, wewe uliomba picha. Hilo nakusamehe, hukujua. Baba ya Sheila, wewe ulipewa kitu ukachukua. Lakini sasa unajua, ukisikia haya, kwamba aliyekupa hakuwa na cha kukupa. Kimeu, wewe siwezi kukuruka.

Ulisema ni desturi yetu. Sawa, tuifuate. Kwa desturi yetu kosa linakaliwa na wazee, mshtakiwa anasemeshwa, mashahidi wanaitwa, na mnyama anatoka kwa boma la aliyekosa. Mimi ni wazee gani walinikalia, pale kando ya lori? Nani alinisemesha? Na kofi lile lilikuwa la mkono wa nani?

Wazee wa ukoo wamekubali kukaa Pasaka, ukija nyumbani. Nimeshawaambia. Uje usimame mbele yao, na mbele ya nyanya yako ambaye hana maji ya kunawa uso, ujibu: Karani alikuwa punda wa nani?